Uanagenzi katika Karakana ya Vipimo vya Mikroni: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Siku yangu ya kwanza karakanani nilipewa kipande cha chuma kinachotoshana na kiberiti, tupa moja, guni (kifaa cha kukagulia pembe mraba) na nafasi kwenye jiliwa (kibano cha mezani). Nikaambiwa kila uso wa kipande kile uwe bapa na kila pembe iwe nyuzi 90. Kazi ilinichukua siku tisa. Mashine zilikuwa zikinguruma nyuma yangu nami nikajiona nimepewa adhabu. Leo ninapompokea mwanagenzi mpya, kazi ya kwanza ninayompa ni hiyohiyo, na sababu zake utaziona huko mbele.

Karakana ninayoizungumzia hapa ni ile inayotengeneza shafti, gia, kalibu, vipuri vya pampu na vitu vingine ambavyo hupimwa kwa sehemu za mia na za elfu za milimita. Unywele wa binadamu una unene wa kama 0.05 hadi 0.1 mm. Humu ndani, shafti ikizidi kipimo kwa nusu ya unywele huo haiingii kwenye beringi yake, na ikipungua kwa kiasi hichohicho inacheza humo ndani mpaka beringi ife. Fundi wa kazi hizi hutambulika kwa jambo moja: kipande kikitoka na kosa la 0.02, anajua kosa hilo limeingilia wapi. Hatua zote zinazofuata zinajenga uwezo huo.

Hatua ya 1: Jiandae, kisha chagua karakana kwa macho

Hesabu zinazohitajika si nyingi, ila lazima ziwe mkononi. Desimali uzijumlishe na kuzitoa bila kusita, kwa sababu atakayechanganya 0.2 na 0.02 ataharibu chuma kila wiki. Jua kanuni ya Pythagoras, na ujue sin, cos na tan kiasi cha kutafuta pembe ya kipande kilichochongoka. Mfano mmoja wa kila siku ni baa ya sini, chuma kilichonyooka chenye roli mbili, cha kulazia kazi kwa pembe kamili. Ikiwa umbali kati ya roli zake mbili ni 100 mm na unataka mlalo wa nyuzi 30, unainua upande mmoja kwa 100 × sin 30, yaani 50 mm kamili.

Ukienda kuomba nafasi, omba pia kuonyeshwa ndani. Usihangaike na umri wa mashine. Mashine kuukuu iliyotunzwa hutoa kazi safi. Tazama vifaa vya kupimia vimewekwaje. Ukiona mikromita imelala juu ya meza katikati ya tupa na spana, imejaa chenga za chuma, rudi nyumbani. Uliza nani hasa atakusimamia, kama utazungushwa kwenye mashine zote au utakaa kwenye moja miaka yote, na vifaa vya kupimia hukaguliwa kila baada ya muda gani. Swali hilo la mwisho ndilo linalozitenganisha karakana. Karakana makini itakuonyesha kumbukumbu, nyingine zitakucheka.

Kuhusu muda, usidanganyike na ahadi za miezi sita. Ujerumani, ambako mafunzo ya aina hii yamepangwa kwa sheria, ukerezaji (kukata chuma kikiwa kinazunguka) na ufundi wa mashine za viwandani huchukua miaka mitatu na nusu. Hiyo ni picha ya haki ya uzito wa kazi.

Hatua ya 2: Wiki ya kwanza ni ya kulinda mwili

Usivae glavu unapoendesha mashine inayozunguka. Wengi hushangaa, maana wamezoea kwamba glavu ni kinga. Kisu kikigusa ngozi tupu kinakata. Kikidaka glavu kinavuta mkono mzima. Kwa sababu hiyohiyo vua pete, saa na mkufu, funga nywele ndefu, na mikono ya shati iwe mifupi au iliyobana. Miwani ya kinga ivaliwe tangu mlangoni, hata kama huendeshi chochote, kwa kuwa chenga ya jirani haijui nani anafanya kazi na nani anapita.

Ufunguo wa kukazia kishikio cha mashine ya kukereza usiuache ndani ya kishikio hata kwa nukta moja. Mkono ukiuachia, ufunguo uwe umeshatoka. Mashine ikiwashwa ufunguo ukiwa humo, unaruka kama jiwe la teo. Nyuzi za chuma zinazotoka kwenye kisu ziondoe kwa ndoano au brashi, mashine ikiwa imesimama, kamwe si kwa vidole. Na usipulizie hewa ya kompresa juu ya mashine: chenga zitaingia machoni, na zile ndogo zitajificha kwenye njia za mashine na kuzisaga taratibu.

Kwenye jiwe la kusagia, kabla ya kulifunga lipige kwa upole na kitu kisicho cha chuma. Jiwe zima hulia kwa sauti safi. Lenye ufa hutoa sauti butu, na hilo halifungwi. Ukiliwasha, simama pembeni, si mbele yake, na uliache lizunguke tupu kwa muda kabla ya kuligusa.

Hatua ya 3: Tupa, jiliwa na kipande cha mraba

Tupa hukata ikienda mbele tu. Ukiirudisha, iinue kidogo, la sivyo unaua meno yake. Shika mpini kwa mkono wenye nguvu, weka kiganja cha mkono wa pili mbele, na simama mguu mmoja ukitangulia ili nguvu itoke mwilini badala ya mabegani. Kosa la kila anayeanza ni kubembea: mwanzo wa msukumo mkono wa nyuma unazidi, mwishoni wa mbele unazidi, na uso unatoka na mgongo kama wa kobe. Dawa yake ni kubadilisha mgandamizo polepole kadiri tupa inavyosonga, mbele upungue na nyuma uongezeke. Hakuna maelezo yatakayokufundisha hili. Mikono hujifunza yenyewe, kama siku ya tatu au ya nne.

Kagua uso kwa kuweka ukingo ulionyooka wa guni juu yake na kuinua vyote viwili kuelekea mwangaza. Jicho linaona mwanga unaopenya kwenye mwanya wa mikroni chache tu, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unaona ulipo mlima, unaupunguza, unatazama tena. Anza na uso mmoja mpaka uwe bapa kabisa, halafu huo ndio uwe mama wa nyuso nyingine zote: wa pili upimwe kwa guni kutoka kwa wa kwanza, wa tatu vilevile. Anayepima uso wa pili kutoka wa kwanza, wa tatu kutoka wa pili, na wa nne kutoka wa tatu, anajikuta amejumlisha makosa yote kwenye uso wa mwisho.

Hilo ndilo somo lililofichwa ndani ya kipande kile. Uso wa rejea utakutana nao tena kwenye michoro, kwenye milingi (mashine ambayo kisu ndicho kinachozunguka) na kwenye mashine za kompyuta, na aliyeutafuta kwa tupa siku tisa hausahau.

Pengine utajiuliza uso bapa wa kwanza kabisa duniani ulipatikanaje bila uso mwingine wa kuupimia. Njia ni ya mabamba matatu. Ukisuguanisha mawili tu, moja linaweza kuwa na mgongo na jingine na bonde, na bado yakalaliana vizuri. Ukiwa na matatu na kuyalinganisha mawili mawili kwa zamu, huku ukikwangua sehemu zinazogusana, hayawezi kukubaliana yote mpaka yawe bapa. Joseph Whitworth, Mwingereza aliyepitia karakana ya Henry Maudslay huko London, ndiye aliyeieneza njia hiyo katika karne ya 19. Ukipata nafasi ya kujaribu kukwangua bamba chini ya fundi mzee, usiikatae, ingawa mgongo utauma.

Hatua ya 4: Kupima

Hapa tukae kidogo, kwa sababu wanagenzi wengi huamini kwamba kupima ni kusoma namba.

Utaanza na kalipa ya vernia. Ile ya kawaida husoma hadi 0.02 mm: kwenye kipimo kidogo kinachoteleza, urefu wa 49 mm umegawanywa mara 50, kwa hiyo kila alama imepungukiwa na 0.02. Unasoma milimita kamili kabla ya sifuri ya kipimo kinachoteleza, halafu unatafuta alama moja inayoungana sawasawa na alama ya juu. Kalipa ni nzuri kwa kazi ya kukwangulia, yaani mikato ya mwanzo kabla ya kumalizia, na kwa kuhakikisha hujakosea milimita nzima. Kwa kipimo kinachodai 0.01, iweke kando.

Mikromita ndiyo itakayokuwa rafiki yako. Skrubu yake husogea 0.5 mm kwa kila mzunguko, na pipa lake linalozunguka lina alama 50, hivyo alama moja ni 0.01 mm. Kosa la kijinga kuliko yote, na nimelifanya, ni kutoiona ile alama ya nusu milimita iliyojitokeza kwenye mkono wa mikromita. Unasoma 14.23 kumbe ni 14.73. Ndiyo maana kalipa hutangulia: inakuambia upo kwenye 14 na nusu, kisha mikromita inakuambia mengine.

Kila mara kabla ya kupima, futa nyuso zote mbili za mikromita kwa karatasi safi: ifunge juu ya karatasi taratibu kisha uivute karatasi. Ifunge tupu uone kama inasoma sifuri. Kaza kwa kutumia kile kisukuma kidogo cha mwisho kinacholia, si kwa kukamata pipa, ili mgandamizo uwe uleule leo na kesho. Ukikaza kama unafunga nati, fremu inapinda na namba inapungua. Pima mahali zaidi ya pamoja: mwanzo, katikati na mwisho wa shafti, kisha uizungushe na urudie. Ikiwa namba tatu zinatofautiana, usichague ile unayoipenda. Zinakuambia shafti imechongoka au si duara.

Sasa joto. Vipimo vyote vya uhandisi, kwa makubaliano ya kimataifa tangu 1931, vinahesabiwa kitu kikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi. Chuma hutanuka kwa takriban mikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Shafti ya kipenyo cha 50 mm inayotoka kwenye kisu ikiwa na nyuzi 60 imezidi kwa 50 × 0.0000115 × 40, yaani 0.023 mm. Ukiipima hapohapo na kuikata mpaka ifike 50.00, kesho asubuhi utaikuta 49.977. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo kosa nalo linakuwa karibu mara mbili. Mwaka wangu wa pili nilikereza vipande kumi na viwili vya alumini mchana wa joto kali, vyote nikavipima vikiwa vya moto, vyote vikapita. Asubuhi yake mkaguzi alinirudishia vyote kumi na viwili. Fundi wangu hakugomba. Aliniambia nivipange dirishani pa kabati langu, na vilikaa pale hadi nilipomaliza mafunzo.

Kinga ni rahisi: acha kipande kipoe kwenye bamba la chuma karibu na mikromita yenyewe, ili vyote viwe na joto moja. Mikromita nayo usiishike kiganjani muda mrefu, mkono wako una nyuzi zaidi ya 30.

Baadaye utakutana na vipande vya kigezo, vile vipande vidogo vya chuma kigumu vilivyosagwa mpaka vikigusishwa na kuteleshwa vinang'ang'aniana bila gundi wala sumaku. Carl Edvard Johansson wa Sweden ndiye aliyevibuni mwishoni mwa karne ya 19. Seti yake ya vipande 102 iliweza kuunganishwa kutoa vipimo vya maelfu. Navyo ndivyo utakavyokagulia mikromita yako. Visishikwe kwa vidole vyenye jasho, maana kutu huanza usiku huohuo. Maudslay niliyemtaja hapo juu alikuwa na mikromita kubwa ya mezani iliyopewa jina la Lord Chancellor, jaji mkuu wa Uingereza wakati huo, kwa sababu hukumu yake haikuwa na rufaa. Kila karakana inahitaji kifaa kimoja cha namna hiyo, kinachokaa kwenye sanduku lake na kutoka kwa sababu maalumu tu.

Hatua ya 5: Mchoro husomwa kabla chuma hakijakatwa

Kitu cha kwanza cha kutafuta kwenye mchoro ni alama ndogo ya koni iliyokatwa ncha, kwa kawaida karibu na kisanduku cha jina. Hiyo inakuambia picha zimepangwaje. Kwa mpangilio uliozoeleka Ulaya, mwonekano wa kushoto huchorwa upande wa kulia. Kwa ule wa Marekani huchorwa kushoto kwenyewe. Asiyeitazama alama hiyo hutengeneza kipande kizuri kabisa, kilicho kinyume kama picha ya kwenye kioo.

Kisha tafuta toleransi, yaani nafasi ya kuzidi na kupungua uliyoruhusiwa. Wakati mwingine imeandikwa waziwazi, kama 40 ±0.05. Wakati mwingine imefichwa kwenye herufi na namba. Tundu la 25 H7 linaruhusiwa kuwa kati ya 25.000 na 25.021. Shafti ya 25 g6 inaruhusiwa kati ya 24.980 na 24.993. Zikutanishe: shafti kubwa kuliko zote kwenye tundu dogo kuliko yote bado ina nafasi ya 0.007, na shafti ndogo kwenye tundu kubwa ina nafasi ya 0.041. Kwa hiyo itateleza vizuri daima, na hivyo ndivyo mchoraji alivyotaka. Herufi kubwa ni za matundu, ndogo ni za shafti. Jedwali lake libandike ndani ya mlango wa kabati lako.

Ukishajua mipaka, lenga katikati. Anayelenga ukingo kwa sababu "bado iko ndani" amejinyima nafasi yote ya upande mmoja. Ila kwa shafti, mafundi wengi hulenga juu kidogo ya katikati, na kwa tundu chini kidogo, kwa sababu chuma kilichobaki kinaweza kukatwa tena, na kilichokwisha kukatwa hakirudi.

Alama ya ulaini wa uso, Ra, nayo isomwe. Ra 3.2 utaipata kwa kukereza kwa kawaida, Ra 1.6 kwa kukereza kwa uangalifu, na Ra 0.4 mara nyingi inakupeleka kwenye kusaga. Usipoteze saa nzima kung'arisha uso ambao hakuna aliyeuomba.

Hatua ya 6: Mashine ya kukereza

Hii ndiyo mashine inayofundisha kuliko zote, na mafundi wengi huiita leti tu. Anza kwa kasi. Kanuni ni mizunguko kwa dakika = kasi ya kukata × 318 ÷ kipenyo, ambapo kasi ni ya mita kwa dakika na kipenyo ni cha milimita. Kwa kisu cha haispidi (chuma kigumu cha kukatia) kwenye chuma laini, anza na mita 25 hivi. Shafti ya 40 mm itazunguka kama 200 kwa dakika. Ikishuka hadi 20 mm, izungushe 400. Visu vya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko haispidi, huenda kwa kasi ya mara nne, tano na zaidi, na havipendi kubembelezwa. Sikiliza pia. Mlio wa kutetemeka maana yake kisu kimechomoza mno, au kipande kimechomoza mno, au kasi imezidi. Urefu wa kisu nje ya kishikio chake uwe mfupi iwezekanavyo, na ncha yake ilingane na katikati ya kipande. Ikiwa juu inasugua, ikiwa chini inachimba.

Jiulize mara ya kwanza unapogusa mashine mpya: duara la namba kwenye gurudumu la kuingizia kisu linahesabu kina au kipenyo? Mashine nyingine, ukizungusha 0.10, kipenyo kinapungua 0.10, nyingine kinapungua 0.20. Usiulize jirani. Kata, pima, ujue.

Halafu kuna ulegevu wa skrubu. Ukizungusha gurudumu mbele kisha ukalirudisha, kuna sehemu ya mzunguko ambapo mkono unaenda na kisu hakiendi. Kwa hiyo kipimo kifikiwe daima kwa kwenda upande mmoja. Ukipitiliza alama, usirudi kidogo tu. Rudi nyuma nusu mzunguko, kisha ukaribie tena kutoka mbali.

Sasa mbinu ambayo ningependa kuambiwa mwaka wa kwanza. Tuseme unataka 30.00 na kipande kipo 31.20. Usikwangue mpaka 30.05 kisha ujaribu kunyoa hiyo 0.05. Chuma hupinda kisu na kisu hupinda chuma, na kiasi cha kupinda kinategemea unakata kiasi gani. Mkato mwembamba mno unaweza hata usikate kabisa; kisu kinateleza juu, kinasugua, kisha ghafla kinauma. Badala yake gawanya 1.20 iliyobaki kuwa mikato mitatu sawa ya 0.40. Kata wa kwanza, acha kipoe, pima. Ikiwa ulitarajia 30.80 ukapata 30.83, mashine imekuambia kwamba kwa mkato wa namna hii huacha 0.03. Kata wa pili kwa kusogeza 0.40 ileile na upime tena. Kwa kuwa hali imebaki ileile, sasa unajua wa mwisho usogezwe kiasi gani, na unafika 30.00 bila kubahatisha.

Neno kuhusu kukamata kipande. Kishikio cha taya tatu ni cha haraka, ila ukitoa kipande na kukirudisha, hakirudi palepale. Kinaweza kuyumba sehemu kadhaa za mia za milimita. Vipenyo vyote vinavyotakiwa kuwa na kitovu kimoja vikamilishe kabla ya kukilegeza. Kama lazima ukigeuze, tumia kishikio cha taya nne na saa ya kupimia (kifaa cha mshale kinachoonyesha kipande kinavyoyumba), usogeze taya moja baada ya nyingine mpaka mshale utulie. Mara ya kwanza itakuchukua nusu saa. Fundi wako ataifanya kwa dakika tatu huku akikusimulia jambo jingine, na hilo lisikukatishe tamaa.

Kwa hesi, yaani mifereji inayozunguka ya skrubu, toboa kwanza tundu sahihi: kipenyo cha skrubu toa hatua ya hesi, ambayo ni umbali kutoka mfereji mmoja hadi unaofuata. M10, yaani skrubu ya kipenyo cha 10 mm, yenye hatua ya 1.5 hutobolewa 8.5, M6 yenye hatua ya 1 hutobolewa 5. Ukikata kwa tepu ya mkono (chombo cha kukatia hesi ndani ya tundu), zungusha mbele, kisha rudi kidogo ili kuvunja chenga, na mafuta yasikosekane. Tepu iliyovunjikia ndani ya kazi iliyokaribia kwisha ni msiba ambao kila fundi anao wake.

Hatua ya 7: Milingi, kusaga na mashine za kompyuta

Kwenye milingi, kazi kubwa ni kukamata, na kukata ni dakika chache za mwisho. Jiliwa isafishwe, vipande vya kuinulia viwekwe, kazi igongwe kwa nyundo laini mpaka vipande hivyo visitikisike kwa kidole. Vikicheza, kipande hakijakaa, na uso utatoka umeinama. Ondoa zile ndevu kali zinazobaki ukingoni kila baada ya mkato, kabla ya kukamata tena. Ndevu moja ya 0.05 chini ya kipande huinamisha kila kitu kinachofuata, na mwanagenzi atailaumu mashine.

Chuma kilichovutwa baridi kiwandani kina mkazo ndani yake. Ukikwangua upande mmoja tu, kinapinda kikishafunguliwa. Kwa hiyo kwangua pande zote kwanza ukiacha nusu milimita, kilegeze, kiache kipumzike, kisha umalizie.

Kusaga nitaipita haraka, kwa kuwa hutaachiwa peke yako huko mapema. Kanuni ni mikato ya mikroni chache, maji ya kupozea mengi, na jiwe lililonyooshwa kwa almasi. Uso ukibadilika rangi kuwa wa njano au buluu, umeuchoma.

Mashine za kompyuta huwavutia vijana wote, na ni kweli ajira nyingi ziko huko. Lugha yake ya msingi hujifunzwa kwa wiki chache: G00 ni kusogea kwa kasi bila kukata, G01 ni kukata kwa mstari ulionyooka, G02 na G03 ni mikato ya duara, M03 ni kuzungusha. Hatari iko kwenye kuanzisha. Sifuri ya kazi ikiwekwa vibaya, mashine itatii kwa uaminifu wote na kukipiga kisu kwenye jiliwa. Programu mpya iendeshwe kwanza juu hewani, kisha mstari mmoja mmoja, kasi ikiwa imepunguzwa na kidole kikiwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Unaposahihisha kipimo, sema kwa sauti kabla ya kuandika: "Kipenyo kimezidi 0.04, kwa hiyo ninaingiza kutoa 0.04." Alama ya kutoa iliyosahauliwa inazidisha kosa mara mbili.

Hatua ya 8: Daftari, na kipande kilichoharibika

Nunua daftari gumu. Kila kazi iandikwe: chuma gani, kisu gani, kasi gani, ulikikamataje, ulipata kipimo gani baada ya kila mkato, na nini kiligoma. Chora mchoro mdogo wa namna ya kukamata, maana hiyo ndiyo husahaulika kwanza. Mwaka wa tatu utarudi kwenye kurasa za mwaka wa kwanza mara nyingi kuliko unavyodhani.

Utaharibu kazi. Ukiharibu, zima mashine na uende kusema papo hapo, ukiwa na kipande mkononi na mikromita mkononi. Kipande kilichofichwa chini ya pipa la chenga huonekana wakati wa kuhesabu, na kufikia hapo vingine kumi vimeshatengenezwa kwa kosa lilelile. Kabla hujafika kwa fundi, jaribu kujibu swali atakalokuuliza, maana atakuuliza moja tu: kosa limetokea wapi? "Sijui, mashine tu" halitapokelewa. "Nadhani nilikipima kikiwa cha moto" litapokelewa, hata likiwa si kweli, kwa sababu linaweza kujaribiwa: kiache kipoe, kipime tena.

Utajua umekaribia kumaliza siku utakapopewa mchoro na kipande cha chuma bila maelezo, nawe ukaketi kwanza na penseli. Uso gani utakatwa mwanzo uwe rejea? Kipi kikamilishwe kabla ya kugeuza? Wapi uache chuma cha ziada cha kuondolewa kwa kusaga? Mtihani wa mwisho katika karakana nyingi huwa ni kitu chenye sehemu kadhaa zinazopaswa kuingiana: pini kwenye tundu, ulimi kwenye mfereji. Mtahini huziunganisha, huzigeuza nyuzi 180 na kuziunganisha tena. Upande wa kwanza kila mtu huweza. Kipande kikiingia na upande wa pili bila kulazimishwa, anakiweka mezani na kuchukua cha mwenzako.